ZIMA TAA, FUNGUA MIKATABA



Kila mara bei ya umeme ipandapo, wakubwa hutuletea wosia ule ule: zimeni taa, punguzeni pasi, tumieni kwa kiasi. Wosia huo si mbaya. Wazee wetu walitufunza kwamba haba na haba hujaza kibaba, nasi hatuna ugomvi na kibaba. Ugomvi wetu ni na yule anayetuhimiza tukijaze kwa haba zetu, hali yeye mwenyewe amekitoboa chini.

Tulilo nalo leo ni jambo moja, na twalisema bila kusita. Umeme wa Kenya haukuwa ghali kwa sababu mwananchi hajui kuzima taa. Ni ghali kwa sababu mikataba inayoupangia bei ilitiwa sahihi nyuma ya pazia, na kwa sababu kila hasara inayotokea njiani, iwe ya nyaya, ya dizeli au ya dola za Marekani, humshukia mtu wa mwisho asiye na mwingine wa kumtwisha. Basi tutafundishana namna ya kuweka akiba ya umeme nyumbani, tena kwa hesabu. Lakini twakataa katakata akiba hiyo igeuzwe kuwa badala ya haki.

MASKINI NI NANI?

Tazameni kwanza jinsi serikali inavyomhesabu maskini. Katika bei za stima kuna kiwango cha nafuu, kilichowekwa kwa ajili ya nyumba zinazotumia umeme kidogo. Hadi katikati ya mwaka 2018, kiwango hicho kilikuwa yuniti 50 kwa mwezi, kila yuniti kwa shilingi 2.50, pamoja na ada ya kudumu ya shilingi 150. Julai 2018 ada ya kudumu ikaondolewa, watu wakashangilia. Wakati uo huo nafuu ilikatwa hadi yuniti 10 kwa shilingi 12 kila moja, na aliyevuka hapo akawekewa shilingi 15.80. Nyumba ya yuniti 50, iliyokuwa ikilipa shilingi 275 kabla ya kodi na makato mengine, ikajikuta inadaiwa zaidi ya shilingi 750.

Kelele zikapigwa nchi nzima. Novemba mwaka huo huo nafuu ikapandishwa hadi yuniti 100, kwa shilingi 10. Januari 2022, mwaka wa uchaguzi mkuu, bei hiyo ikateremshwa hadi shilingi 7.70. Uchaguzi ukapita, punguzo nalo likapita. Na Aprili 2023 nafuu ikakatwa tena hadi yuniti 30, kwa shilingi 12.22. Aliyezidi 30 bila kuvuka 100 akawekewa shilingi 16.30, na aliyevuka 100 shilingi 20.97. Kabla ya kodi na makato, nyumba ya yuniti 60 iliyolipa shilingi 462 mwanzoni mwa mwaka 2022, miezi kumi na mitano baadaye ilidaiwa zaidi ya shilingi 850 kwa taa zile zile na redio ile ile.

Hamsini, kumi, mia moja, thelathini! Katika muda usiotimia miaka mitano, mpaka wa umaskini umehamishwa mara tatu, bila hata mara moja maskini mwenyewe kuulizwa anatumia kiasi gani na kwa kazi gani. Nasi twaliona somo lililofichika humo. Mpaka huo ulipanuliwa pale tulipopiga kelele, na bei ikateremka pale walipohitaji kura zetu. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba bei ya umeme ni kama mvua, ambayo mja hana la kufanya ila kuipokea. Bei hii ina waandishi wake, na iliyoandikwa na mkono wa binadamu yaweza kuandikwa upya.

Lipo na dhuluma nyingine inayowapata wapangaji wa mijini. Katika ploti nyingi za Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, vyumba vingi hugawana mita moja. Chukueni vyumba kumi, kila kimoja kikitumia yuniti 15 tu kwa mwezi. Kila familia humo ni maskini hata kwa kipimo kibahili cha mwaka 2023. Lakini mita haioni familia; yaona yuniti 150. Wote kumi huhesabiwa kuwa tajiri mmoja, wakalipa kwa bei ya mwenye jumba la ghorofa. Halafu mwenye ploti, akiogopa bili, hupiga marufuku pasi na birika, na mama wa chumba namba saba hurudi kwenye makaa. Nafuu iliyotungwa kwa jina la mama huyo haijawahi kumfikia mlangoni.

SOMENI BILI YENU

Wengi wetu hatuijui bei tunayolipa. Shilingi 12.22 au 16.30 za Aprili 2023 zilikuwa mlango tu. Ndani mna vyumba. Kuna gharama ya mafuta yanayochomwa katika mitambo ya dizeli. Kuna marekebisho ya fedha za kigeni na marekebisho ya mfumuko wa bei. Kuna ada ya umeme wa mashambani, ambayo ni asilimia 5 ya bei ya msingi. Kuna ada ya mamlaka ya maji na ada ya mamlaka inayosimamia nishati. Juu ya hayo huja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, na kodi hiyo haitozwi kwa umeme peke yake: hutozwa hata juu ya gharama ya mafuta na juu ya marekebisho ya fedha za kigeni. Shilingi yetu ikidhoofika, serikali hupata kodi kutokana na udhaifu huo.

Fikirini maana yake. Kenya si nchi iliyonyimwa. Mto Tana unatuzalishia umeme tangu bwawa la Kindaruma lilipoanza kazi mwaka 1968; mvuke wa Olkaria tangu mwaka 1981. Leo sehemu kubwa mno ya umeme wetu hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, vitu ambavyo hakuna sheikh wala tajiri wa ng'ambo anayetuuzia. Mbona basi bei ya mvuke wa Naivasha hupanda dola ipandapo? Kwa sababu mikopo na mikataba mingi imeandikwa kwa dola na kwa yuro. Januari 2024 dola moja ilipokaribia shilingi 160, muuza mandazi wa Gikomba, ambaye hajawahi kuishika dola mkononi, alilipia anguko hilo kila alipowasha taa.

Mwenye kuuza umeme hana hasara katika mpango huu. Mafuta yakipanda, hupitisha gharama. Dola ikipanda, hupitisha gharama. Mvua ikikosekana na mabwawa yakapungua, mitambo ya dizeli huwashwa, naye hupitisha gharama. Kila mlango una njia ya kupitishia mzigo isipokuwa mlango wa mwananchi. Hapo ndipo mzigo hutuliwa.

KULIPIA USICHOTUMIA

Twende sasa kwenye mzizi. Novemba 1991 wafadhili walisimamisha misaada kwa serikali ya chama kimoja, na mwezi uliofuata kifungu 2A cha Katiba ya zamani kikafutwa. Tulipata vyama vingi. Lakini katika muongo uo huo, hali umeme ukiwa haba, mlango mwingine ulifunguliwa kimya kimya: kampuni za kibinafsi zilialikwa kuzalisha umeme na kuliuzia shirika la usambazaji. Ukame wa 1999 na 2000 ukaleta mgawo wa umeme na mitambo ya dharura ya dizeli. Haraka ikawa wakili wa kila mkataba. Ambaye angeuliza bei aliambiwa: je, wataka giza?

Hatusemi kwamba kumwalika mwekezaji ni dhambi. Hazina ilikuwa tupu, na hakuna ajengaye kinu cha mabilioni bila kuhakikishiwa mnunuzi. Hoja hiyo tunaikubali. Tusilolikubali ni namna dhamana hiyo ilivyoandikwa. Katika mikataba ya namna hii, mnunuzi hulipa gharama ya mtambo kuwepo tayari, uwe umefanya kazi au umelala. Ni kama kukodi matatu kwa miaka ishirini, ukalipa kila siku, hata siku ambazo hukwenda popote. Na nauli ya matatu hiyo ilikubaliwa na watu ambao hawatapanda.

Mfano ulio wazi ni ule wa upepo wa Turkana. Mitambo 365 ya Loiyangalani, katika kaunti ya Marsabit, yenye uwezo wa megawati 310, ilikuwa imekwisha kusimamishwa mwaka 2017. Njia ya kuusafirisha umeme wake hadi Suswa, kilomita 428, ilikuwa kazi ya serikali, na haikuwa tayari hadi Septemba 2018. Kwa kuwa mkataba ulisema hivyo, nchi ilibebeshwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukumfikia mtu. Upepo ulivuma, panga zikasimama, nasi tukalipa. Mitambo yenyewe ni mizuri na umeme wake una faida kwetu. Aibu ni ya wale waliotia sahihi adhabu bila kwanza kuhakikisha nyaya.

Machi 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliteua jopo la kuichunguza mikataba hii, likiongozwa na John Ngumi. Septemba mwaka huo jopo likasema bei ya wastani yaweza kuteremshwa kutoka shilingi 24 kwa yuniti hadi shilingi 16, na kwamba masharti ya kampuni za kibinafsi yapasa kujadiliwa upya. Januari 2022 likaja punguzo la asilimia 15. Nusu ya pili ya punguzo tuliyoahidiwa haikuja. Mikataba haikujadiliwa ikaisha, punguzo likayeyuka, bei ya Aprili 2023 ikashika nafasi yake. Serikali mbili, moja ikiondoka na nyingine ikiingia, zilipokezana kitu kimoja tu bila kukiangusha: siri ya mikataba.

Na asidhani mtu kwamba siri hiyo ni ya kale. Oktoba 2024 shirika la serikali la njia kuu za umeme lilitiliana sahihi na kampuni ya Adani ya India mkataba wa miaka 30. Chama cha Mawakili kilikwenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikausimamisha mwezi huo huo. Novemba 21, 2024 Rais William Ruto aliufuta mbele ya Bunge, siku moja tu baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kutangaza mashtaka ya hongo dhidi ya mwenye kampuni, mashtaka ambayo kampuni iliyakana. Tulifurahi, lakini furaha yetu ilichanganyika na fedheha. Je, nchi iliyo na Bunge, na wakaguzi, na Katiba ya mwaka 2010, yapaswa kungoja habari kutoka New York ndipo ijue cha kuogopa katika mkataba wake yenyewe?

NDO NDO NDO SI CHURURU

Wahenga walisema, ndo ndo ndo si chururu. Sisi nyumbani twaokoa kwa matone. Huko juu kunamwagika kwa mfereji. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24, katika kila yuniti 100 zilizonunuliwa na shirika la usambazaji, yapata 23 hazikumfikia mlipaji yeyote. Nyingine zilipotelea katika nyaya kuukuu na transfoma zilizochoka. Nyingine ziliibwa. Na sehemu ya hasara hiyo imeruhusiwa kuingizwa katika bei, kwa hiyo anayelipa hulipa pia kwa niaba ya asiyelipa.

Hapa tutasema na upande wetu pia. Kuna wanaosema, "Kwa kuwa wao huiba, nasi tuunganishe." Katika mitaa ya mabanda waya wa sambaza hupita juu ya paa za mabati, na hatujui ni watoto wangapi wamenusurika kwa bahati tu. Hatuwezi kuutetea waya huo. Humtajirisha anayeuza sambaza, huhatarisha mtaa mzima, na humpa mkubwa kisingizio cha kutuita sote wezi. Lakini pia hatutakubali hadithi nusu. Wizi wa umeme hauko mabandani pekee. Wamo wenye viwanda na wenye majumba wanaochezea mita, na yuniti wazichukuazo kwa usiku mmoja hutosha kuangaza mabanda mengi kwa mwezi. Mkono wa sheria ulio mwepesi Mathare na mzito Eneo la Viwanda si mkono wa sheria.

AKIBA YA NYUMBANI

Sasa na tuliangalie letu. Tunaweka akiba kwa sababu maji ya kifuu ni bahari ya chungu: shilingi mia mbili ambayo mkubwa haioni ni unga wa siku mbili kwa mwingine. Na tangu nafuu ifungwe kwenye yuniti 30, kila yuniti ina uzito wake, maana kundi la bei huamuliwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu. Mwezi mmoja wa karamu waweza kukuhamisha kundi.

Anzeni na taa. Balbu ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa tano kila usiku, hula yuniti 9 kwa mwezi. Tatu hula 27, na nafuu yako karibu imekwisha kabla hujasikiliza taarifa ya habari. Balbu ya LED ya wati 9, kwa saa zizo hizo, hula yuniti isiyozidi moja na nusu. Tatu hula nne na kidogo. Hakuna matumizi mengine ya fedha nyumbani yanayorudi haraka kuliko kubadilisha balbu.

Kisha jihadharini na kila kitu kinachozaa joto, kwa maana hapo ndipo umeme huliwa. Shawa ya umeme ya wati 5,000, akikaa chini yake mtu mmoja dakika kumi, hula zaidi ya robo tatu ya yuniti. Watu wanne wakioga hivyo kila siku, mwezi hauishi kabla ya yuniti 100 kuisha. Shawa hiyo peke yake yatosha kuitoa familia katika kundi la chini na kuitupa katika kundi la juu kabisa. Mwenye jua la kutosha na aweke pipa jeusi juu ya paa. Asiyeweza, na apunguze dakika.

Birika la umeme hula wati kama 2,000. Chemsheni maji ya vikombe mnavyohitaji, yaliyobaki yatieni kwenye chupa ya chai yakae na moto, msichemshe mara nne kwa siku. Pasi nayo hutumia nguvu nyingi kupata moto. Pigeni nguo za wiki nzima kwa mara moja, mkianza na zile laini pasi ikipanda moto na kumalizia nazo ikiisha kuzimwa. Friji lisikae karibu na jiko, na mpira wa mlango wake ukilegea ubadilishwe. Runinga na king'amuzi visilale vimewashwa kwa taa nyekundu. Maharagwe na githeri vilowekwe usiku kucha, sufuria ifunikwe, na ikishachemka vizuri ifungwe katika kikapu kilichojazwa matambara, iendelee kuiva bila moto.

Hayo yote ni kweli na yanafaa. Mwananchi anayeyafuata ataiona faida katika tokeni yake.

MPAKA WA AKIBA

Lakini sikilizeni jambo ambalo wahubiri wa akiba hawalitaji. Nyumba moja ikipunguza matumizi, nyumba hiyo hufaidika. Nchi nzima ikipunguza, malipo ya mitambo iliyolala hayapungui hata senti, kwa kuwa mkataba umesema yalipwe. Kinachopungua ni yuniti za kugawanyia malipo hayo. Mzigo ni ule ule, wabebaji ni wachache, na kila mbebaji atatwikwa zaidi bei itakapopangwa upya. Chini ya mikataba kama hii, uangalifu wa wengi waweza kugeuzwa sababu ya kuwapandishia bei. Ndiyo maana twasema: anayetuhubiria akiba bila kuigusa mikataba, ama haijui hesabu, ama aijua mno.

Ipo akiba moja inayoiokoa nchi kweli kweli, nayo ni ya saa za jioni. Kati ya saa moja na saa nne za usiku wote huwasha pamoja, na hapo ndipo dizeli huchomwa ili kujaza pengo. Pasi ikihamishwa kutoka saa mbili usiku hadi alfajiri, dizeli hupungua. Serikali yalijua hili: tangu Desemba 2017 wenye viwanda waliwekewa bei ya nafuu kwa umeme wanaoutumia usiku wa manane. Mama aamkaye saa kumi ya alfajiri kupiga pasi sare za watoto hakuwekewa nafuu hiyo. Wosia ni kwa wote, thawabu ni kwa wachache.

TUNAYODAI

Serikali inamiliki asilimia 50.1 ya hisa za shirika la usambazaji. Kwa hiyo hatumwombi mgeni. Twamwambia wakala wetu.

Kwanza, mikataba yote ya ununuzi wa umeme, ya kampuni za kibinafsi na ya mashirika ya umma, ichapishwe kwa ukamilifu: bei, muda, sarafu na adhabu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinaitaka serikali ichapishe habari yoyote muhimu inayoligusa taifa. Kama bei ya mwanga wa kila nyumba si habari muhimu, basi twambieni ni ipi.

Pili, mkataba unaokwisha usirefushwe wala mpya usitiwe sahihi kabla Bunge na wananchi hawajausoma. Na ule utakaotiwa sahihi umlipe mzalishaji kwa shilingi kadiri iwezekanavyo.

Tatu, kiwango cha nafuu kipimwe kwa familia, kisipimwe kwa mita. Kila chumba cha kupanga kipate mita yake bila gharama ya kumvunja mpangaji mgongo, na nafuu isibadilishwe kila upepo wa siasa ubadilikapo.

Nne, kodi ya ongezeko la thamani iondolewe kwenye yuniti za nafuu, na isitozwe kamwe juu ya marekebisho ya fedha za kigeni.

Tano, hasara za umeme zitangazwe kaunti kwa kaunti, na kile kinachopotea kwa uzembe wa shirika kilipwe na shirika. Waibao wakubwa washtakiwe hadharani kama washtakiwavyo wadogo.

Sita, kila ombi la kupandisha bei lichapishwe kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kumwalika mwananchi kwenye kikao kuhusu bei kisha kumpa karatasi mia mbili za Kiingereza cha wahasibu ni kumwita karamuni umfunge mdomo.

LA KUFANYA KUANZIA LEO

Msingoje wengine. Kila ununuapo tokeni, ujumbe unaorudi huonyesha fedha ulizolipa, yuniti ulizopata, thamani ya tokeni na makato mengine. Gawa fedha ulizolipa kwa yuniti ulizopata. Hiyo ndiyo bei yako halisi, na wengi mtashtuka. Andikeni tarehe, fedha na yuniti katika daftari kwa miezi mitatu. Fanyeni hivyo ploti nzima, au chama kizima, au katika jumuiya ya kanisa na msikiti. Mtu mmoja akilalamika huitwa mkorofi. Daftari arobaini zikiwekwa mezani huitwa ushahidi.

Mkiwa na daftari hizo, andikeni barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 mkitaka kuelezwa jinsi kila kato lilivyofikiwa. Mkinyimwa, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mnaodhulumiwa na bili, nendeni kwa mamlaka ya nishati, EPRA, na isipowasikiliza, lipo baraza la rufani la nishati na petroli lililowekwa na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Na mamlaka itakapoita wananchi kujadili bei mpya, nendeni wengi, mbebe daftari. Wakubwa wamezoea kumwona mwananchi akija na hasira. Hawajazoea kumwona akija na hesabu.

Kifungu 2A hakikufutwa na huruma ya mtu. Nafuu ya Novemba 2018 haikuletwa na huruma ya mtu. Vyote viwili vilitokana na watu waliokataa kunyamaza. Na hili la mikataba litatokana na watu wa namna iyo hiyo.

Basi zimeni taa isiyo na kazi, na kilichookolewa kikawe unga, kikawe karo. Lakini taa moja iacheni ikiwaka, ile ambayo chini yake tutaisoma mikataba hiyo, ukurasa kwa ukurasa, sisi tunaoilipa.